Niliziba ufa, na bado nikajenga ukuta

Karavani yangu, ile nyumba ndogo ya kukokotwa na gari, niliinunua imetumika, hapa hapa jimboni Washington. Nilikagua matairi, jiko, friji na magodoro. Ukuta wa nje sikuugusa hata kwa kidole. Mtu aliyekulia Lamu akiwatazama mafundi wa majahazi wakigonga mbao na kutega sikio, halafu akanunua ukuta bila kuugonga, anastahili yaliyonipata.

Mvua za huku huanza Oktoba zikashika mpaka Aprili. Hazina kishindo kama masika ya kwetu; ni manyunyu ya kutwa kucha, yasiyo na haraka. Kufikia Januari bati la kona ya nyuma, chini ya dirisha, lilikuwa limevimba, na vichwa vya skrubu vinatoa michirizi ya kutu. Nikanunua silikoni, nikapaka kuzunguka dirisha lote, nikajipongeza.

Silikoni hiyo ndiyo iliyoniponza. Maji hayakuwa yakiingilia dirishani. Yaliingilia kwenye taa ndogo ya kona, karibu na paa, yakashuka ndani kwa ndani mpaka mbao za chini. Mimi nikawa nimeyazibia pa kutokea. Basi kabla hujashika bisibisi, tafuta mlango wa maji. Mpe mtu mpira wa maji asimame nje, amwagie kuanzia chini akipanda taratibu, nawe uwe ndani na tochi.

Nilifungua ukuta Mei. Mabati ya alumini ya karavani yangu yamepandiana kuanzia chini, kwa hiyo kuyatoa nilianza juu. Ukichomoa utepe wa plastiki ulio kwenye ukingo wa kona, skrubu ziko chini yake. Zangu tatu nilizivuta kwa vidole tu. Nyuma ya bati, papi za mbili kwa mbili zilikuwa nyeusi, na bisibisi ilizama kama kwenye boflo lililochovywa chai. Pamba ya kuzuia baridi ilikuwa imelowa chepechepe. Hiyo haiokolewi, ni ya kutupa. Vaa barakoa, ukungu ule si wa kuvuta.

Kata mbao mpaka ufikie ile inayokataa bisibisi, kisha zidisha kidogo. Ukifika nguzo ya kona, tegemeza paa kwanza. Mimi nilitumia jeki ya gari na kipande cha ubao. Halafu ngoja. Hapa ndipo wengi tunapoharibu, kwa hamu ya kumaliza. Mimi niliacha feni ikivuma wiki mbili, na sikurudisha bati mpaka kipima unyevu kiliposoma chini ya asilimia 15.

Kurudisha bati ni kazi ya kalafati, kama kuziba nyufa za jahazi, ila badala ya pamba na mafuta unatumia ukanda wa butili, utepe laini wa mpira unaonata. Kwangua silikoni ya zamani yote, kwa maana hakuna kinachoshika juu yake, hata silikoni mpya. Kaza skrubu mpaka butili ichungulie ukingoni, lala, kesho yake kaza tena kidogo, ndipo ukate iliyozidi.

Kama ukuta wako ni ule laini wa faibaglasi, ugonjwa wake ni mwingine: ngozi ya nje huachana na plaiwudi nyembamba iliyogundishwa nyuma yake. Gonga kwa kifundo cha kidole. Palipoachana pana sauti ya debe tupu. Watu hutoboa matundu na kupenyeza gundi. Plaiwudi ikiwa nzima na kavu, huenda ikashika. Ikiwa imeoza, unagundisha ngozi kwenye unga.

Fundi mmoja alitaka dola 6,000 kwa kona ile moja, na karavani nzima niliinunua 4,500. Taa mpya ya kona, pamoja na mpira wake, nililipa dola tisa.