Mshale wa juu mara arobaini na saba

Jana nilisimama nyuma ya kiti cha mdogo wetu mmoja kazini nikamhesabia anavyogonga mshale wa juu kwenye terminali, lile dirisha la kuandikia kompyuta amri, ambapo mshale huo hurudisha amri zilizopita. Mara arobaini na saba. Alikuwa anatafuta amri ya rsync, ile ya kunakili mafaili, aliyoitumia asubuhi. Alipoifikia kidole kikateleza akaipita, akarudi kwa mshale wa chini, akaipita tena. Sikusema kitu, maana miaka niliyoimaliza mimi nikifanya hivyo hivyo siitaji hadharani. Lakini leo mwingine kaandika history, inayoorodhesha amri zilizopita, kaipitisha kwenye grep, inayochuja mistari, kauona mstari anaoutaka, kaukopi kwa mausi, kaubandika. Uvumilivu umeniishia. Wadogo zangu, njooni hapa.

1. Ctrl+R ipo, ya kutafuta ndani ya amri zilizopita. Ibonyeze, andika herufi chache kutoka popote ndani ya amri, si lazima za mwanzo, kisha ibonyeze tena kurudi nyuma zaidi. Ukighairi, Ctrl+G inakurudishia mstari ulivyouacha. Ukiipata amri, gonga mshale wa kulia, uisome, ndipo Enter. Hili la kusoma nitalirudia mpaka mnichoke, na sababu iko kwenye namba nne.

2. Kabla hujalalamika kuwa "haipatikani", hakikisha kuna cha kutafuta. Bash, programu inayopokea amri zako ndani ya terminali, ikiachwa ilivyo inakumbuka amri 500 tu. Ubuntu inakuwekea 1000 kwenye kumbukumbu na 2000 kwenye faili, navyo ni vichache kwa mtu anayeshinda kwenye terminali. Weka hivi kwenye .bashrc, faili la mipangilio ambalo Bash hulisoma inapoanza:

HISTSIZE=100000
HISTFILESIZE=200000
HISTCONTROL=ignoreboth
HISTTIMEFORMAT='%F %T '
shopt -s histappend

Huo wa mwisho msiuruke. Bila huo, kila dirisha linapofungwa linaandika juu ya faili zima, na la mwisho kufungwa ndilo linalobaki na historia yake. Wengi mnaodhani Bash inasahau, ni madirisha yenu yanayofutiana.

3. Mshale si adui, ila ufundishwe kazi. Mistari miwili kwenye .inputrc, faili la mipangilio ya vitufe:

"\e[A": history-search-backward
"\e[B": history-search-forward

Sasa ukiandika git, programu ya kutunza matoleo ya msimbo, halafu mshale wa juu, zinakuja zinazoanza na git peke yake. Yule wa jana angeandika rsync na kugonga mara moja. Walio kwenye Zsh, programu nyingine ya kazi ile ile ya Bash, hilo faili halisomwi kwenu, tumieni bindkey.

4. Usigonge Enter kabla ya kusoma. Hapa sitafupisha.

Nilikuwa na miaka miwili kazini, umri mbaya kuliko yote: unajua kubadilisha mipangilio ila hujui itakufanyia nini. Kilichonikera ni kwamba amri niliyoiandika dirisha la kulia haikuonekana la kushoto. Nikakuta mahali mstari wa kuyaunganisha, nikaubandika kwa furaha:

PROMPT_COMMAND='history -a; history -c; history -r'

Yaani kila prompti, ile alama inayosubiri uandike amri, inapotokea: andika amri zangu mpya kwenye faili, futa kumbukumbu ya dirisha hili, soma faili zima upya. Kila dirisha likawa linajua mambo ya jirani. Wiki mbili nilijiona fundi, nikapita kwenye madawati ya watu nikiwaonyesha.

Siku yenyewe, kushoto nilikuwa kwenye saraka, yaani folda, ya mradi. Naendesha python3 hesabu.py, naangalia matokeo, nabadilisha namba, mshale wa juu, Enter. Tena na tena. Kulia nilikuwa ndani ya /tmp/jaribio, nimefungua mafaili ya zip ya kujaribia tu. Nilipomaliza nayo nikaandika rm -rf *, yaani futa kila kilichomo hapa bila kuuliza, nikagonga. Amri halali, mahali pake kabisa. Nikarudi kushoto.

Nina tabia, na ninyi mnayo, nawaona: nikirudi kwenye dirisha nililoliacha kidogo, nagonga Enter tupu, kama mtu anayepiga hodi. Ile Enter ikaleta prompti mpya. Prompti mpya ikasoma faili. Na amri ya mwisho kwenye faili haikuwa tena hesabu.py. Mshale wa juu, Enter, mikono ikienda yenyewe, macho yakiwa kwenye namba nilizozichora kwenye karatasi.

Ile skripti ilikuwa inachukua kama sekunde arobaini. Prompti ikarudi papo hapo. Nikajisemea, leo imekuwa nyepesi. Nikagonga mshale nione nimeendesha nini, na pale kwenye mstari pakaandikwa rm -rf * bila aibu. rm haipigi kelele, haiagi. Nikaandika ls, ya kuorodhesha mafaili. Tupu. Nikaandika ls tena, eti labda ya kwanza imekosea.

Ile nyota haigusi majina yanayoanza na nukta, kwa hiyo .git, ambamo git hutunza matoleo, ilipona, na git checkout . ikanirudishia msimbo. Nikacheka peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba saraka ya data niliiweka kwenye .gitignore, orodha ya visivyotunzwa na git, mimi mwenyewe kwa kuwa ilikuwa nzito, na kwamba nakala rudufu nilipanga kuichukua Ijumaa. Ilikuwa Jumatano. Matokeo ya siku tisa za majaribio yalikuwa humo.

Nilikaa kama dakika ishirini nikitunga maelezo ambamo diski ndiyo yenye kosa. Hadithi ilikuwa inapendeza, hata nilianza kuiamini. Mwishowe nikaenda kwa kiongozi wa timu nikamwambia nimefuta. Hakufoka. Aliuliza tu, "Uliisoma kabla ya kugonga?" Ningependa angefoka. Majaribio yakarudiwa, siku tisa nyingine, na kila asubuhi aliniuliza kwa upole yamefika wapi.

Siku hizi nimebakiza history -a peke yake. Kila dirisha linaandika, hakuna linalosoma bila kuulizwa. Nikihitaji za jirani naandika history -r kwa mkono wangu. Na rm siiachi kabisa iingie kwenye historia:

HISTIGNORE='rm *'

Kuna wenzangu hawakubali, wanasema siku ya kutafuta nani kafuta nini utajuta. Wana haki. Mimi bado naona afadhali nisijue niliyoyafuta kuliko mshale uniletee tena. Na anayefuta kwenye saraka ya muda aandike njia kamili, rm -rf /tmp/jaribio, ili hata ikiangukia dirisha jingine iwe haina madhara. Amri yenye nyota tupu maana yake inategemea umesimama wapi, na historia haikumbuki ulikuwa umesimama wapi.

5. Ya haraka haraka. Amri yenye nywila ianze na nafasi moja, ignoreboth haitaihifadhi. shopt -s histverify inafanya !!, ya kurudia amri iliyopita, ikuonyeshe mstari kwanza badala ya kuutekeleza. Alt na nukta inaleta neno la mwisho la amri iliyotangulia. Amri ndefu inayokusumbua kila mwezi, ibandikie mkia kama #nakala-ya-mwezi, kisha Ctrl+R na neno "mwezi" vinatosha. Na wekeni fzf, programu ya kutafutia: inawaletea orodha nzima ya historia, unatafuta kwa vipande vya maneno bila kujali vimeachana vipi, na ukichagua inaiweka amri kwenye mstari bila kuiendesha. Ningekuwa nayo Jumatano ile, Enter ya pili ingenipa nafasi ya kuona.

6. Ukiipita amri kwenye Ctrl+R, ya kurudi mbele ni Ctrl+S, lakini terminali nyingi zinaichukua kama agizo la kusimamisha maandishi. Weka stty -ixon kwenye .bashrc kwanza, izime agizo hilo.

Nilitaka kuongeza la saba, ila yule wa mshale ananiita. Anasema kompyuta imekufa, kila anachoandika hakionekani, na tayari ameshika kitufe cha kuzimia. Kasoma namba sita akaruka sentensi ya mwisho. Bonyeza Ctrl+Q, ndugu yangu, na uondoe kidole hapo. Nakuja.