Nimeshaongea na watu watatu, wa nne atanisaidia nini?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 41 na watoto watatu. Mwaka jana mwezi wa tano mama yangu alilazwa hospitali kule Mbeya. Kaka alinipigia siku ya Alhamisi akaniambia mama yuko wodini ila anaendelea vizuri, amekunywa uji. Tulikuwa tunasahihisha Mock ya darasa la saba, nikaona nimalize kazi Ijumaa, Jumamosi nikapanda basi la alfajiri. Tulipofika Mikumi, abiria wamegeukia madirishani wanaangalia twiga, simu ikaita. Mama alikuwa ameshafariki.

Tangu siku hiyo simu ikiita moyo unaenda mbio, mikono inatoka jasho, pumzi inabana. Siku hizi naiweka chini ya godoro, naitoa jioni tu. Usingizi hauji, na darasani nawagombeza watoto wa watu kwa makosa madogo. Hata bango la wanyama nimelibandua ukutani, lilikuwa linanichosha macho. Nimepima moyo, nimepima presha, kila kipimo safi. Daktari ameniandikia niende kliniki ya afya ya akili nikaonane na mtaalamu wa saikolojia. Mume wangu anasema nikionekana pale watu watajua nimechanganyikiwa. Lakini shida yangu mimi ni nyingine: nimeshamweleza dada yangu, mchungaji na wifi yangu, na wote wamenifariji. Nikimweleza mtu wa nne yale yale, kitabadilika nini?

Mwalimu, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwalimu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Na pole kwa jinsi ulivyoipokea habari, umekaa kati ya watu usiowajua, na Iringa na Makambako zote bado ziko mbele yako.

Swali lako niliwahi kuliuliza mwenyewe kabla sijasomea kazi hii. Nilikuwa muuguzi wa wodi ya wazazi kwa miaka mingi. Usiku mmoja, zamu yangu, tulikuwa wauguzi wawili na wazazi kumi na saba, na mmoja wao akafia mikononi mwetu kwenye kitanda namba sita. Nilikwenda mazikoni, nikalia, nikarudi kazini. Miezi minne baadaye mwenzangu akaniuliza kwa nini kila nikipeleka dawa upande wa pili nazungukia mlango wa stoo. Sikuwa najua kwamba nazunguka. Miguu ilikuwa inakikwepa kitanda kile na mimi sina habari.

Nilimweleza mume wangu, nikamweleza matroni, nikamweleza mama. Wote walinijibu jibu moja: si kosa lako, ni mpango wa Mungu. Walinipenda, na maneno yao nayaamini hadi leo. Ila ukishaambiwa hivyo, unabaki na nini cha kusema? Unasema ahsante, unanyamaza. Anayekufariji anataka machozi yako yakome kwa sababu yanamuumiza na yeye. Ndiyo maana faraja huja haraka na kuyafunga mazungumzo mahali pale pale ambapo yalikuwa yanaanza. Nadhani hata wewe, mwalimu, hukuwahi kufika mwisho wa habari yako kwa dada wala kwa wifi. Ulifika kwenye "pole" tu.

Mtaalamu niliyepelekwa kwake hakuniambia kwamba si kosa langu. Aliniuliza: "Hicho kitanda namba sita kiko upande gani, wa dirishani au wa mlangoni?" Swali dogo kabisa. Nilishindwa kulijibu, magoti yakaanza kunitetemeka pale pale kwenye kiti. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mwili ulikuwa umebeba kitu ambacho mdomo wangu ulikuwa unakizunguka, kama miguu ilivyokuwa inazungukia stoo. Mtu wa nne anabadilisha hilo: anakaa na wewe ndani ya jambo lenyewe, hakuharakishi utoke, na amefundishwa mahali pa kukuuliza.

Sasa turudi kwenye barua yako. Kuna sentensi moja nimeisoma mara tatu. Umesema umelibandua bango la wanyama kwa sababu lilikuwa linakuchosha macho. Sitaki kukupa majibu kwa barua, lakini nakuuliza: kwenye bango hilo kuna twiga?

Kama yuko, basi unaona jinsi hofu inavyotembea. Siku ile ya Mikumi ubongo wako ulikusanya kila kilichokuwepo, mlio wa simu, dirisha, twiga, labda hata harufu ya basi, ukavifunga fungu moja lenye jina la hatari. Tangu hapo kimojawapo kikitokea, mwili unajiandaa kupokea msiba upya: moyo unakimbia, jasho linatoka, pumzi inabana. Vipimo vikawa safi kwa sababu moyo wako ni mzima na unafanya kazi yake ya kukimbia. Na wewe, kama binadamu yeyote, unaondoa kinachokutisha. Simu inakwenda chini ya godoro, bango linashuka ukutani. Unapata nafuu ya siku ile. Ila kila ukiificha simu, mwili unathibitishiwa kwamba kweli simu ni hatari, na kesho hofu inadai zaidi. Leo ni bango. Mwakani inaweza kuwa safari zote za basi.

Mtaalamu atakufanyisha kinyume chake, polepole sana, kwa ngazi mtakazozipanga pamoja. Pengine mtaanza simu ikiwa mezani, sauti imezimwa. Halafu inaita kwa mlio mwingine, mpigaji ni yeye mwenyewe akiwa amekaa mbele yako. Halafu inaita nyumbani, kwa saa mliyopatana. Unaiacha iite, unaona moyo unapanda, unavumilia bila kukimbia, na baada ya dakika kadhaa unaanza kushuka wenyewe. Ni mazoezi haya, na utapewa kazi ya nyumbani kama wewe unavyowapa wanafunzi wako. Wanaodhani tiba hii ni kupiga soga hawajawahi kuikalia.

Kisha kuna ile Alhamisi. Hukuiandika wazi, lakini umeniambia siku zote tatu kwa majina, Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, na mtu hazihesabu hivyo bure. Nadhani moyoni mna sentensi inayojirudia: ningeondoka Alhamisi, ningemkuta. Daktari mmoja wa Marekani, Aaron Beck, miaka ya 1960 aligundua akiwa na wagonjwa wake wa sonona kwamba watu wana mawazo ya namna hii, mafupi, yanayopita kasi, na mwenyewe anayaamini bila kuyakagua. Akaanza kuyakagua pamoja nao. Kwako ukaguzi ungekwenda hivi: Alhamisi ulijua nini? Ulijua mama anaendelea vizuri na amekunywa uji. Nani alikwambia? Kaka, aliyekuwa kando ya kitanda chake. Mwalimu mwenzako angekwambia habari hiyo hiyo, ungemshauri aiache mitihani? Unajihukumu kwa Alhamisi ukitumia habari iliyokufikia Jumamosi. Mimi nikikuandikia hivi utatikisa kichwa na kesho utarudi pale pale. Ukifika mwenyewe, kwa mdomo wako, mbele ya mtu anayekusubiri, inakuwa habari nyingine. Na huenda ukafika ukakuta majuto yanabaki kidogo. Hayo nayo yana nafasi yake, mtoto aliyempenda mama yake hakosi cha kujutia.

Jina lenyewe la tiba ya mazungumzo lilitoka kwa mgonjwa. Ni binti wa Vienna, Bertha Pappenheim, aliyeanza kuugua mwaka 1880 akimuuguza baba yake, na baba akafariki mwaka uliofuata. Daktari wake, Josef Breuer, alikuwa akimsikiliza, na binti akauita utaratibu ule tiba ya kuongea. Nakutajia kwa sababu naye alikuwa mtoto kando ya kitanda cha mzazi, na kwa sababu hakupona mara moja: alilazwa tena baada ya hapo, ndipo baadaye akawa mwanamke mwenye kazi kubwa ya kutetea wanawake. Sitaki uende kliniki ukitegemea muujiza wa siku moja.

Na hapa kwetu? Watafiti walifanya kazi Moshi, na Bungoma kule Kenya, mjini na vijijini kote kuwili, na watoto 640 wa miaka 7 hadi 13 waliofiwa na mzazi au wazazi. Nusu yao walikutana kwenye vikundi mara moja kwa wiki kwa wiki 12, wakiongozwa na watu wa kawaida wa maeneo yale waliopewa mafunzo. Walifundishwa kutuliza mwili, kisha wakasimulia kifo cha mzazi kidogo kidogo, na walezi wao nao walishirikishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2020: katika sehemu tatu kati ya nne, watoto wale walipata nafuu kuliko wenzao waliopata huduma za kawaida. Tatu kati ya nne, mwalimu, wala si nne. Lakini walikuwa watoto wetu, kwa lugha zetu, na msiba wao ni kama wako.

Mume wako usimkasirikie. Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, ipo tangu 1927, na kwa miaka mingi kwa watu wetu afya ya akili ilikuwa na maana hiyo moja tu, kupelekwa Mirembe. Mtani akitaka kukutania anakwambia hivyo hadi leo. Mwambie akusindikize mara ya kwanza, akae benchi la nje. Atawaona wanaosubiri: mwanafunzi na begi lake, mama na mtoto mgongoni, labda na askari. Wangu alikwenda akiwa amekunja uso, akarudi akiniuliza kama na yeye anaweza kupangiwa siku.

Mengine kwa kifupi. Kwa kawaida mtakaa dakika 45 hadi saa nzima, mara moja kwa wiki, na watu wengi wa hali yako hufanya mikutano kama minane hadi kumi na miwili. Daktari akiona usingizi umekataa kabisa anaweza kuongeza dawa, na dawa hazizuii mazungumzo. Wiki za mwanzo unaweza kutoka pale umechoka kuliko ulivyoingia, usiache kwa sababu hiyo. Acha kwa sababu nyingine: kama mtaalamu anatazama simu yake unapoongea, anakuhubiria, au anayatoa nje mambo yako. Mimi wa kwanza nilimwacha baada ya mara mbili, alikuwa anajaza fomu huku nikilia. Omba mwingine, una haki. Na ikikujia fikra ya kujidhuru, hata mara moja, usisubiri siku uliyopangiwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo na umwambie mtu wa nyumbani.

Mchungaji usimwache. Anakuombea, na mtaalamu anakufanyisha mazoezi, wala hawagombanii kiti kimoja.

Siku ya kwanza usihangaike kupanga maneno. Beba simu, usiizime. Ukishakaa, iweke mezani kati yenu, umweleze imekuwa ikilala wapi tangu mwezi wa tano.