Prosesa ya Intel i5-3470 inakwama kwenye kutoa (export) video: niipandishe kasi au nibadili?

Mkuu, kuipandisha kasi sahau: jina lake halina K mwishoni (alama ya prosesa zinazoruhusu kupandishwa kasi), na mazabodi yako ya chipseti H61 hairuhusu. Fungua Task Manager ya Windows wakati video inatolewa (export). Diski ikigonga 100% huku prosesa imetulia, weka SSD (diski ya kasi isiyozunguka), yaishe. Prosesa ikiganda 100%, tafuta i7-3770 used pale Kariakoo: soketi ileile LGA1155, wati 77 zilezile, ila thredi (kazi inazofanya kwa pamoja) 8 badala ya 4. Kabla ya kulipa, safisha vumbi kwenye feni, futa kwa spiriti pesti ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, weka mpya kiasi cha punje ya choroko. Kwa joto hili la Dar, chumba bila AC, prosesa ikikaribia nyuzi joto 100 inajipunguza kasi yenyewe, unadhani imezeeka kumbe inaungua.