Baba karudishwa nyumbani na kansa, hataki kula: mtarajie nini

Pole sana dada. Umesema baba karudishwa Kigoma kutoka Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, baada ya madaktari kueleza kuwa matibabu yamefika mwisho, ameacha kula, shangazi zako wanamlazimisha uji, na unauliza siku zilizobaki zitakuwaje. Mimi nilimuuguza marehemu mama hapa Ujiji, kansa ya shingo ya kizazi, mpaka alipokata roho. Nakujibu kwa niliyoyaona na niliyofundishwa na nesi aliyekuwa akija kumwangalia.

Nianze na chakula, maana ndicho kinachogombanisha ndugu. Si njaa inayommaliza baba. Ugonjwa ndio umemwondolea hamu, na mwili uliofika hapo hauna tena kazi ya kukifanyia chakula. Ukimlazimisha anaweza kupaliwa, uji ukaingia kwenye mapafu. Mpeni anachotaka mwenyewe, hata kijiko kimoja, akigeuza uso acheni. Dripu nayo msiikimbilie bila daktari kushauri; siku za mwisho yale maji mara nyingi huishia kuvimbisha miguu na kujaa kifuani. Kinachomsaidia ni kinywa kisikauke: lowesha kitambaa safi, mpanguse midomo na ulimi mara kwa mara, kisha mpake mafuta.

Maumivu yasiachwe hivi hivi eti kwa sababu ni kansa. Kama amepewa mofini ya maji, ile dawa kali ya maumivu, mpeni kwa saa kama alivyoandikiwa, kwa kawaida kila baada ya saa 4, msisubiri mpaka alie. Utasikia watu wanasema dawa hiyo ndiyo inayoua. Dozi aliyopangiwa kwa maumivu yake haimuui, inampumzisha. Ila inafunga choo sana, kwa hiyo ombeni dawa ya kulainisha choo siku hiyo hiyo. Na kabla chupa haijakaribia kuisha, nendeni hospitali ya mkoa, Maweni, mkaulize mtapataje nyingine.

Mama alikuwa na kidonda chenye harufu, na hilo lilimuumiza moyo kuliko maumivu yenyewe; alikuwa hataki hata wajukuu waingie. Nesi alituonyesha kusaga vidonge vya Flagyl, dawa ya kuua bakteria, na kunyunyiza unga wake kwenye kidonda baada ya kukisafisha. Harufu ilipungua sana, wajukuu wakarudi kukaa kitandani kwake. Kama baba ana kidonda, muulizeni daktari kuhusu hilo.

Atalala zaidi na zaidi. Mgeuzeni kila baada ya saa 2 hivi asipate vidonda vya mgongo. Anaweza kuchanganyikiwa, akawaita waliokwisha kufa, msibishane naye. Inaweza pia kutokea siku akaamka mzima kabisa. Mama aliketi, akaomba mchuzi wa samaki, mgebuka, akaonja, akauliza habari za kila mtu kwa jina. Majirani walishangilia kwamba amepona. Nesi aliniita pembeni akaniambia nikae naye nizungumze naye, maana hali hiyo haidumu. Namshukuru mpaka leo.

Mwishoni mkojo unapungua na kuwa mweusi, mikono na miguu inapoa, ngozi ya magoti inafanya mabaka. Pumzi inakatika, unadhani ndiyo basi, kisha inarudi. Kooni anaweza kukoroma kwa sababu ya mate anayoshindwa kumeza. Inatisha kusikiliza, lakini mara nyingi mgonjwa mwenyewe haimsumbui, mlazeni ubavu. Endeleeni kuzungumza naye, na kama ni Waislamu msomeeni Yasini na mumtamkie shahada taratibu, kwa sababu huenda bado anasikia.

Kaka zako wa Dar waambie wapande treni au basi sasa hivi, angali anawatambua. Safari ya huko mpaka Kigoma ni ndefu, wakisubiri kuambiwa amezidiwa wanaweza wasimkute.