Mtunzi ni Shuggie Otis

Ndugu, umesema wimbo “Strawberry Letter 23” ni wa Brothers Johnson, lile kundi la Marekani. Hapana, si wao. Wao waliurudia mwaka 1977, Quincy Jones akiwa prodyuza, ukavuma sana. Aliyeutunga na kuurekodi kwanza ni Shuggie Otis wa Los Angeles, mtoto wa mwanamuziki Johnny Otis, mwaka 1971, akiwa kijana wa miaka 17 tu!

Tafuta albamu yake ya 1974, Inspiration Information. Karibu vyombo vyote kapiga mwenyewe: gitaa, besi, kinanda, ngoma. Sikiliza “Aht Uh Mi Hed”, ile mashine ya ngoma inavyogonga taratibu chini ya sauti yake laini. Albamu haikuuza, kampuni yake ya rekodi ikamwacha. Kampuni nyingine ya rekodi, Luaka Bop, waliitoa upya 2001, ndipo wengi wakamjua. Inaniuma mpaka leo.