Mbwa kalala kwenye kochi, mama mkwe anakuja

SWALI: Anti shikamoo. Nina watoto wawili, naishi Kimara. Mwaka jana mume wangu aliwaletea mbwa, vile vidogo vyeupe vya manyoya, eti wapunguze simu. Simu hawajapunguza, wanampiga Popi mapicha tu kutwa, na kijana wangu wa darasa la tatu anamwita "mdogo wangu", juzi kaambiwa shuleni achore familia yake kamchora baba, dada na Popi, mimi hata kichwa sipo. Popi analala kwenye kochi, anakula soseji sisi tunakula dagaa. Sasa mama mkwe anakuja toka Pangani kwa kliniki ya macho, atakaa kama mwezi, ni mama wa swala tano, na mume wangu anasema tumwambie mbwa ni wa jirani. Nifanyeje?
Mama Asiyechorwa, Kimara

JIBU: Marahaba mwanangu, nimecheka mpaka chai imenimwagikia. Huo uongo wa mumeo futeni leo leo. Mbwa wa jirani gani anajua friji inafunguliwa saa ngapi? Na huyo mchoraji wenu atamtambulisha bibi kwa "mdogo wangu" kabla hata mizigo haijashushwa.

Elewa kwamba mama mkwe hamchukii mbwa. Pwani wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, mate ya mbwa kwao ni najisi nzito, yakigusa chombo kinaoshwa mara saba na moja iwe kwa udongo. Mbwa wa kulinda wala hana neno. Shida ni kochi, mama wa watu kila akitaka kuswali aanze kuwaza hapa alilala nani. Kwa hiyo mumeo apige simu, yeye, mama ni wake, amwambie ukweli kabla hajakata tiketi. Makava ya makochi yafuliwe, chumba cha bibi Popi asikanyage, na ahamie nje kwenye banda lenye paa na kivuli cha kutosha, maana hayo manyoya na joto la Dar haviendani, maji yasikauke. Anzeni sasa hivi sio siku bibi anafika, Popi atalia usiku kucha mtaa mzima uamke.

Soseji mnampa za nini? Chumvi tupu, na nyingine zina kitunguu ambacho kwa mbwa ni sumu, sawa na chokoleti na zabibu. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hapana, inavunjika vipande vyenye ncha. Ugali na dagaa zisizo na chumvi atakula vizuri tu, soseji leteni mezani.

Halafu hujaniambia habari ya chanjo, na hapo sina utani. Kichaa cha mbwa anachanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, kadi mnaitunza. Akimng'ata mtoto, hata kwa kucheza, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kisha hospitali siku hiyo hiyo, dalili zikishaanza ni nadra sana mtu kupona.

Na kinyesi nani anazoa? Najua, dada wa kazi, ambaye hakuajiriwa kwa ajili ya Popi. Mpe hiyo kazi kaka mtu, si ni mdogo wake. Kuhusu picha usinune, anachora anaocheza nao, wewe ndo wa oga, lala, lete daftari.

SWALI: Anti, tuligombana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja, akaleta mbwa akamwita Wataisoma. Akimwita anaangalia kwangu. Nimshtaki?
Baba wa Forest, Mbeya

JIBU: Ukamshtaki useme nini baba, kwamba mbwa kaitwa? Huo mchezo ni wa siku nyingi, kuna kina Mtajiju na Hayawahusu kibao huko vijijini na wenye mbwa wanaapa hawamaanishi mtu. Wewe mzoee tu, mrushie mfupa mkubwa wa ng'ombe mara kwa mara, ikifika siku jirani anaita Wataisoma na mbwa anakimbilia kwako, jina atabadilisha mwenyewe. La mpaka ndo lipeleke baraza la kata, na uende na karatasi zako za kiwanja.