Kwa mnaoanza kufunga kamera za nyuma: kazi iko kwenye waya

Wadogo zangu mnaoingia kwenye umeme wa magari, kamera ya nyuma ndiyo kazi mtakayopewa mapema, kwa sababu inaonekana nyepesi. Waya mwekundu, waya mweusi, plagi ya njano ya picha, basi. Kijana akiiwasha mara moja ikaonyesha, anaona amemaliza. Mimi naomba muiogope kidogo. Dereva akishazoea kamera huacha kugeuza shingo. Siku picha ikikatika, au ikionyesha kushoto kuwa kulia, yeye bado anarudi nyuma kwa imani ileile. Kamera isiyotegemeka ina hatari kuliko gari lisilo na kamera kabisa.

Tuko Tanga, na mnajua mitaa ya Ngamiani ilivyo. Milango inatazama barabara, jioni watoto wanatoka madrasa, baiskeli zinapita nyuma ya gari hata kengele hazipigi. Aliyekaa kwenye usukani wa Noah au Alphard haoni kilicho chini ya kioo cha nyuma. Marekani walifika mahali pa kulazimisha: tangu Mei 2018 kila gari jipya jepesi lazima liwe na kamera. Sheria iliyoanzisha jambo hilo ilitiwa saini mwaka 2008, na ina jina la mtoto wa miaka 2 aliyegongwa na gari la baba yake likirudi nyuma. Kanuni yao inataka picha itoke ndani ya sekunde 2, na ionyeshe eneo la upana wa futi 10 na urefu wa futi 20 nyuma ya gari. Hapa hakuna anayetulazimisha, lakini vipimo hivyo ni vizuri. Chora chaki sakafuni, mita 3 kwa 6, kisha elekeza kamera mpaka eneo lote lionekane pamoja na ukingo wa bampa. Usipouona ukingo wa bampa, umeielekeza juu mno.

Kabla ya kufungua kitu chochote, washa swichi bila kuwasha injini, weka kabari kwenye tairi, vuta hendibreki, ingiza rivasi, uangalie taa ya rivasi kule nyuma. Mara nyingi utakuta balbu imeungua na mwenye gari hana habari. Ibadilishe, kwa sababu usiku kamera haina mwanga mwingine wa kutegemea. Waya wa taa hiyo ndio unaoipa kamera umeme wa volti 12. Pia ndio unaopeleka ishara kwenye redio ili skrini igeuke yenyewe. Ule waya mwekundu mwembamba unaotoka pembeni ya plagi ya picha, ambao wengi huukata wakidhani hauna kazi, umewekwa kupeleka ishara hiyo. Utafute, uunge nyuma kwenye taa na mbele kwenye waya wa redio ulioandikwa rivasi.

Pima kwa mita ya umeme, msikisie kwa rangi. Magari mengi ya Ulaya ya miaka ya karibuni hupeleka umeme wa taa kwa mapigo ya haraka, na kamera ikiungwa hapo picha inacheza. Dawa yake ni rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme, yenye fyuzi, taa iiamshe, kamera ipate umeme uliotulia. Na kama Toyota imekuja na kamera yake ya kiwandani, ukataka kuiunga kwenye redio mpya, jihadhari: nyingi ya kamera hizo hutumia volti 6. Ukiipa 12 umeiua, na mteja hatakuelewa.

Sasa viungo, na hapa nitakaa. Upepo wetu una chumvi. Shaba iliyosokotwa kwa vidole na kufungwa tepu, hasa kwa gari linalolala Raskazone kando ya bahari, itaota kijani ndani ya tepu huku nje ikionekana nzima. Lehemu kila kiungo, kisha vika mpira unaosinyaa kwa joto. Waya mweusi usiupachike kwenye bolti yoyote iliyo karibu. Kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza, halafu paka grisi. Picha inayotetemeka, au inayozima dereva akikanyaga breki, mara nyingi inatoka kwenye ethi mbovu, yaani huo muungano wa waya mweusi na bodi, na watu wananunua kamera ya pili bure.

Maji nayo yana ujanja wake. Kopo la kamera linaweza kuandikwa IP68, yaani jicho linavumilia kuzama, lakini plagi ya njano haina kinga hiyo hata kidogo. Iingize ndani ya buti, usiiache nyuma ya bampa. Ukitoboa bodi, toa vumbi lote la chuma, paka rangi ukingo wa tundu, weka mpira, ziba kwa silikoni. Waya uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili tone la maji lidondoke huko huko nje.

Kwenye magari ya mlango wa nyuma unaofunguka juu, pitisha waya ndani ya ule mpira wa bawaba pamoja na nyaya nyingine, ukiacha ulegevu. Ukiubana, utakatika kwa kufungua na kufunga. Ndani ya gari fuata njia ya chini ya vizingiti vya milango. Kwenye nguzo zenye mto wa hewa, waya upite nyuma ya mto, kamwe usikatize mbele yake.

Picha ikishatoka, msaidizi asimame nyuma, upande wa kushoto wa gari. Kwenye skrini lazima awe kushoto. Maandishi ya nyuma yake yatasomeka kinyume kama kwenye kioo, na ndivyo inavyotakiwa. Ikiwa sivyo, kamera nyingi zina kipande cha waya kilichopinda ambacho ukikikata picha inageuka. Soma karatasi yake kwanza, maana kipande kingine hufuta mistari ya kukadiria umbali kwenye skrini, na rangi hazifanani kwa watengenezaji wote.

Mistari yenyewe haijui umeifunga kamera kwa urefu gani. Weka chupa nusu mita kutoka bampa, nyingine mita moja, mketishe mteja aone kila moja inaangukia mstari upi. Mwambie kuwa lenzi pana huonyesha vitu viko mbali kuliko vilipo.

Usirudishe paneli hata moja kabla ya kujaribu injini ikiwa inanguruma, taa kubwa zimewaka, breki imekanyagwa, na mlango wa nyuma umefunguliwa na kufungwa mara kadhaa. Kisha mwombe mteja arudi baada ya mvua kubwa ya kwanza ya masika umwangalizie bila malipo. Fungua buti, shika plagi. Ikiwa na unyevu, maji yameingilia kwenye tundu lako.